Kasuku wa ndege: kwa nini ndege inapaswa kujitaja hata ikiwa chini

Kunako mwezi wa tisa mwaka 1965, mtu aliyekuwa akilima karibu na Baraka na kusikia mlio wa ndege hakuwa na njia ya kujua ni ya nani, isipokuwa sikio lake na jicho lake. Fizi ilikuwa mikononi mwa waasi wa Simba. Ndege za T-28 na B-26 ziliruka kutoka Albertville, mji ambao leo ni Kalemie, zikapiga mabomu pwani ya Ziwa Tanganyika. Marubani wake wengi walikuwa Wakuba waliokimbia serikali ya Fidel Castro na kulipwa na Marekani. Upande wa waasi, milimani, alikuwepo Mkuba mwingine, Che Guevara, aliyevuka ziwa kutoka Kigoma mwezi wa nne mwaka huo. Tarehe 27 Septemba, askari wa kukodiwa wa Mike Hoare walishuka Baraka kwa boti. Mkulima alitazama juu, akakisia, akaamua kukimbia au kubaki.

Miaka sitini imepita na swali hilo halijazeeka. Wahami wa vita waliopata hifadhi Baraka, Sebele au Kazimia wakisikia moteri angani huuliza lilelile: hii inaleta dawa, au inaleta bomu? Watu wa chini hawana chombo cha kuwajibu. Ndege zenyewe, kati yao na waongozaji wao, zinacho. Kinaitwa transponda. Ni kisanduku kinachoulizwa kwa mawimbi ya redio "wewe ni nani?" na kujibu chenyewe, rubani asifungue kinywa.

Historia ya kisanduku hicho ina fundisho moja ambalo lilichelewa kueleweka na lililipwa kwa maisha ya watu wengi: ndege haitakiwi kunyamaza kwa sababu tu magurudumu yake yamegusa udongo.

Swali lililoanza vitani

Tarehe 6 Septemba 1939, siku tatu baada ya Uingereza kuingia katika Vita Kuu ya Pili, ndege za kivita za Waingereza zilifyatulia risasi ndege za Waingereza wenzao mashariki mwa London. Mbili zilianguka na rubani mmoja akafa. Rada ilikuwa imeshabuniwa na iliona kwamba kuna ndege angani, lakini haikuweza kusema ni za nani. Kwenye kioo cha rada, rafiki na adui ni nukta moja.

Miaka miwili baadaye kosa hilo lilijirudia kwa namna nyingine. Asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1941, rada ya Wamarekani katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, iliona kundi kubwa la ndege likikaribia. Afisa aliyepokea habari alidhani ni ndege zao za B-17 zilizokuwa zikitazamiwa asubuhi hiyo. Zilikuwa za Wajapani, zikienda kushambulia Pearl Harbor.

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa tayari imeanza kufungwa ndani ya ndege za Uingereza: kisanduku kinachopokea wimbi la rada na kurudisha jibu la siri, ili nukta ya rafiki ionekane tofauti na ya adui. Waingereza walikipa jina la siri la kasuku. Mpaka leo, mwongozaji wa ndege anayesema Kiingereza akitaka rubani aweke namba fulani kwenye transponda hutumia neno la mlio wa kasuku. Ni jina linalofaa, na watu wa Kongo, nchi ya kasuku wa kijivu, wanaweza kulielewa haraka kuliko wengi: ndege huyo hajui maana ya anachosema, lakini ukimuuliza, anajibu.

Kasuku anavyojibu

Baada ya vita, kisanduku cha jeshi kiliingia katika ndege za abiria. Kazi yake ni nyepesi kueleza. Rada ya ardhini inatuma swali kwa mawimbi ya megahezi 1030. Transponda inajibu kwa megahezi 1090. Jibu la kwanza ni namba ya tarakimu nne ambayo rubani amepewa na mwongozaji. Kila tarakimu ni kati ya 0 na 7, kwa hiyo namba zote zinazowezekana ni 4096. Tatu kati yake zinajulikana dunia nzima: 7700 ni hatari, 7600 ni redio imekufa, 7500 ni ndege imetekwa.

Jibu la pili, lililoongezwa baadaye, ni urefu ambao ndege iko angani. La tatu lilikuja na mfumo uitwao Mode S. Hapo kila ndege ilipewa anwani yake ya kudumu, mfano wa namba ya sahani ya gari, na rada ikaweza kuita ndege moja kwa anwani yake badala ya kuuliza zote kwa pamoja na kupokea makelele.

Makelele hayo ndiyo chanzo cha desturi ya kuzima. Kwa miaka mingi marubani walifundishwa hivi: washa transponda ukiingia kwenye njia ya kurukia, tayari kuondoka, ukitua na kutoka kwenye njia hiyo, izime. Sababu ilikuwa ya kweli. Katika uwanja mkubwa ndege makumi zimesimama pamoja. Zote zikijibu rada, kioo cha mwongozaji kinajaa nukta za ndege zisizokwenda popote, na nukta ya ile inayotua inapotea katikati yake.

Wavuvi wa Ziwa Tanganyika wanaweza kulipima jambo hili kwa kazi yao. Usiku, kila mtumbwi wa ndagala una taa, na taa hiyo pia ndiyo inayozuia mitumbwi kugongana kilindini. Ukifika pwani unaizima ili usimalize mafuta bure. Hakuna ubaya, kama pwani ni tupu. Lakini usiku ambao mitumbwi mingi inaingia kwa wakati mmoja, gizani, kwenye mchanga uleule, aliyezima taa ndiye anayegongwa.

Mtambo wa kuepusha kugongana

Tarehe 30 Juni 1956, ndege mbili za abiria ziligongana juu ya Grand Canyon, Marekani. Watu wote 128 walikufa. Kuanzia hapo wahandisi walitafuta chombo kitakachomwonya rubani bila kungoja mtu wa chini.

Mhandisi John Morrel alileta wazo lililobaki kuwa moyo wa mitambo hiyo hadi leo: usipime umbali, pima muda. Pikipiki mbili zilizo mita mia moja kutoka moja hadi nyingine hazina hatari kama zinatembea pole upande mmoja. Zikikimbiliana uso kwa uso, mita mia moja ni sekunde chache tu. Kinachoua ni muda uliobaki kabla ya kukutana.

Mtambo huo leo unajulikana kwa herufi TCAS. Unafanya kazi ya rada ndogo iliyobebwa na ndege yenyewe: unauliza transponda za ndege jirani, unapima jibu limechukua muda gani kurudi, unasoma urefu wao, kisha unahesabu. Hatari ikikaribia, sauti inamtahadharisha rubani. Ikikaribia zaidi, sauti inaamuru: panda, au shuka. Ndege mbili zenye mtambo huo zinapatana zenyewe, moja ipande na nyingine ishuke.

Kuna sharti moja ambalo halina njia ya mkato. TCAS haioni ndege isiyojibu. Tarehe 31 Agosti 1986, ndege ya Aeroméxico iligongana na ndege ndogo juu ya mji wa Cerritos, California. Watu 82 walikufa, 15 kati yao wakiwa majumbani mwao chini. Transponda ya ndege ndogo haikuwa na uwezo wa kutaja urefu. Baada ya hapo Marekani ililazimisha ndege kubwa za abiria kubeba TCAS. Tarehe 12 Novemba 1996, ndege ya Saudia na ya Kazakhstan ziligongana karibu na Charkhi Dadri, India, watu 349 wakafa. Hiyo ndiyo ajali kubwa kuliko zote za ndege kugongana angani. Tarehe 1 Julai 2002, karibu na Überlingen, Ujerumani, mtambo ulimwambia rubani apande wakati mwongozaji wa chini alimwambia ashuke. Alimtii mwongozaji. Watu 71 walikufa, wengi wao watoto wa shule. Kutoka hapo kanuni ikawekwa wazi: mtambo ukiamuru, rubani anafuata mtambo.

Shirika la kimataifa la usafiri wa ndege za kiraia, ICAO, liliweka sharti kwa dunia nzima. Kuanzia Januari 2003, ndege za abiria zenye uzito wa zaidi ya kilo 15,000 au viti vya abiria zaidi ya 30 zibebe mtambo huo. Kuanzia Januari 2005, sharti likashuka hadi kilo 5,700 au abiria zaidi ya 19.

Mahali ambapo mtambo unanyamaza

Mtu akisikia habari hizi anaweza kufikiri kwamba ndege zenye TCAS haziwezi kugongana popote. Si hivyo. Karibu na ardhi mtambo unafungwa mdomo kwa makusudi. Ndege ikiwa chini ya takriban futi 1,000, yaani kama mita 300 juu ya ardhi, TCAS haitoi amri ya kukwepa, kwa sababu amri ya "shuka" mahali hapo ni amri ya kugonga mlima au nyumba. Ndege ikiwa imesimama kwenye njia ya kurukia na nyingine inakuja kutua juu yake, TCAS haitasema kitu. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Tena, kuiacha TCAS ikiuliza maswali wakati ndege iko chini kunaleta madhara kwa wengine. Transponda ina kikomo cha maswali inayoweza kujibu. Ndege makumi zilizoegeshwa zikianza kuulizana zenyewe kwa zenyewe, mawimbi yanajaa, na ndege iliyo angani karibu na uwanja inachelewa kujibiwa. Ndiyo maana marubani wanafundishwa kutenganisha vitu viwili ambavyo vinashikwa na kitufe kimoja: TCAS iwashwe ndege inapoingia kwenye njia ya kurukia na izimwe ikitoka, lakini transponda, yaani kasuku mwenyewe, isizimwe.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo mabadiliko makubwa. Kufika hapo kulichukua muda, na ajali mbili zinaeleza kwa nini.

Ya kwanza ni ya tarehe 27 Machi 1977 huko Tenerife, katika Visiwa vya Canary, mbele ya pwani ya Afrika. Bomu lililipuka katika uwanja wa kisiwa jirani, ndege nyingi zikapelekwa kwenye uwanja mdogo wa Los Rodeos, zikajaa hadi kwenye njia za pembeni. Ukungu ukashuka. Ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na moja ya Pan Am, zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia na hazikuonana. Mnara haukuziona. Rada ya kuangalia ardhini haikuwepo. Kilichobaki ni sauti ya redio, na sauti nayo ilisaliti: mnara na Pan Am walisema kwa wakati mmoja, maneno yao yakageuka mlio, na rubani wa KLM alikuwa ameshaanza kukimbia. Watu 583 walikufa. Hakuna ajali ya ndege iliyoua zaidi, na ilitokea ndege zote mbili zikiwa kwenye uwanja.

Ya pili ni ya tarehe 8 Oktoba 2001, Linate, Milano. Ukungu tena. Ndege ndogo ilipotea njia na kuingia kwenye njia ambapo ndege ya SAS ilikuwa ikiruka. Watu 118 walikufa, wanne kati yao wafanyakazi waliokuwa chini. Rada ya zamani ya ardhini ilikuwa imeondolewa, na mpya ilikuwa haijaanza kufanya kazi.

Viwanja vikubwa vikabadilika. Antena ndogo nyingi zilifungwa kuzunguka uwanja. Kila moja inasikia jibu la transponda kwa tofauti ya muda mdogo sana, na kompyuta inalinganisha muda huo na kujua ndege iko kwenye kona ipi, hata kama ukungu umefunika kila kitu. Mode S iliondoa tatizo la zamani la makelele: ndege inatambua kwamba iko chini, mara nyingi kwa uzito unaokandamiza magurudumu, na hapo inaacha kujibu rada inayouliza wote, inajitangaza yenyewe kwa upole na kujibu ikiitwa kwa anwani yake. Sababu ya kuzima ikawa imekwisha. Maagizo yakageuka: washa transponda kabla ndege haijasukumwa kutoka maegesho, izime baada ya kuegesha. Katika viwanja vingi hata magari ya zimamoto na ya wakaguzi yalifungwa visanduku vya kujitaja.

Hata hivyo kifaa hakimalizi kazi ya mtu. Tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines yenye watu 379 ilitua juu ya ndege ya walinzi wa pwani iliyokuwa imesimama kwenye njia ya kurukia. Ndege hiyo ndogo ilikuwa ikibeba misaada kwa watu waliopoteza nyumba katika tetemeko la Noto la siku moja kabla. Haikuwa ikijitangaza kwa mfumo mpya wa ADS-B. Kioo cha waongozaji kilionyesha onyo kwamba njia imekaliwa, lakini hakuna aliyeliona kwa wakati. Abiria wote wa ndege kubwa walitoka motoni wakiwa hai. Watano kati ya sita wa ndege ya misaada walikufa.

Kongo: aliye hatarini ni mtu wa chini

Wakongomani hawahitaji kwenda Tokyo ili kujua kwamba ndege inaweza kuua watu ambao hawakupanda ndege. Tarehe 8 Januari 1996, Antonov 32 iliyobeba mzigo kupita kiasi ilishindwa kupaa kutoka N'Dolo, katikati ya Kinshasa, ikaingia katika soko la Simbazikita. Zaidi ya watu 200 waliokuwa wakinunua na kuuza walikufa. Tarehe 15 Aprili 2008, huko Goma, DC-9 ya kampuni ya Hewa Bora, jina ambalo wazee wa Fizi wanalifahamu pia kama jina la ngome ya PRP ya Laurent-Désiré Kabila, ilishindwa kuruka na kuingia katika nyumba na maduka ya Birere. Njia ya kurukia ya Goma ilikuwa imefupishwa na lava ya Nyiragongo tangu Januari 2002, na mtaa umejaa hadi ukingoni.

Transponda isingezuia ajali hizo mbili. Moja ilikuwa uzito, na zote mbili zilikuwa ukosefu wa nafasi. Zinatajwa hapa kwa sababu zinaonyesha ukubwa wa jambo. Ulaya, swali la usalama wa ardhini ni ndege na ndege. Kongo ni ndege na soko, ndege na nyumba, ndege na ng'ombe, ndege na mtoto anayevuka kwenda kisimani.

Katika anga la Kongo, sehemu kubwa haina rada inayouliza. Kwa hiyo chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, kiliweka kwa Afrika utaratibu ambao umetumika kwa miaka mingi, na anga la Kinshasa limo: kila rubani anajitangaza kwa sauti kwenye megahezi 126.9, anataja jina la safari yake, mahali alipo, urefu na anakoelekea, na wenzake wanasikiliza. Ni kasuku wa mdomo. Penye rada haipo, sauti hiyo na TCAS ndizo kinga.

Lakini TCAS nayo haiko katika kila ndege inayofika kwenye viwanja vidogo. Let 410, ndege ya injini mbili inayojulikana sana Kivu, ina uzito wa zaidi ya tani 6, kwa hiyo inaguswa na sharti la mwaka 2005. Cessna Caravan ya injini moja ina uzito wa takriban tani 4, na sharti hilo haliigusi. Ndiyo maana transponda ya ndege ndogo ina thamani kubwa: ndege ndogo yenyewe inaweza isione mtu, lakini ikijibu, kubwa zitaiona. Ikinyamaza, haionekani na yeyote.

Nairobi ilikumbushwa hatari ya kuchanganya ndege kubwa na ndogo mahali pamoja. Tarehe 5 Machi 2024, muda mfupi baada ya kuruka kutoka uwanja wa Wilson, Dash 8 ya Safarilink iliyokuwa ikienda Diani iligongana na Cessna 172 ya shule ya urubani juu ya mbuga ya wanyama ya Nairobi. Watu 44 wa Dash 8 walirudi salama. Wawili wa Cessna walikufa.

Kuna jambo lingine la siku hizi. Mfumo wa ADS-B, unaofanya ndege zionekane hata kwenye simu, unategemea GPS. Mwaka 2024, malalamiko ya kuvurugwa kwa GPS katika Kivu ya Kaskazini yalifika hadi Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. GPS ikivurugwa, ndege inaweza kujitangaza mahali ambapo haipo. TCAS haidanganyiki kwa njia hiyo, kwa kuwa inapima muda wa jibu, haitegemei setilaiti. Kwa familia zilizohamishwa ambazo jamaa zao wako safarini, hilo lina maana: kutokuiona ndege kwenye simu hakuthibitishi kwamba imeanguka, na kuiona mahali fulani hakuthibitishi kwamba iko pale. Ndege za kivita nazo zinaweza kuruka transponda ikiwa imezimwa, hivyo anga tupu kwenye simu si anga salama.

Kwenye udongo wa Fizi

Kiwanja kama cha Minembwe, juu milimani, hakina antena za kusikiliza transponda ardhini. Ndege ikitua pale ikiwa imewasha kila kitu, kasuku wake analia na hakuna wa kumsikia isipokuwa ndege nyingine iliyo karibu angani. Hilo peke yake ni sababu ya kutosha ya kutomzima mapema, kwani ndege ya pili inaweza kuwa nyuma yake. Lakini mbuzi hana transponda. Mama anayerudi shambani hana. Mtambo wa bei yoyote hautawaona.

Kinga ya kiwanja cha udongo, kwa hiyo, inatoka kwa watu, na haina bei ya Haneda. Ni mlinzi anayejua saa ndege inatazamiwa na kuondoa mifugo kabla ya mlio kusikika. Ni njia ya miguu iliyogeuzwa ipite nje ya mwisho wa uwanja. Ni redio moja inayofanya kazi na mtu mmoja anayemwambia rubani ukweli: njia iko wazi, au haiko wazi. Ni wakubwa wa eneo kukataa nyumba na meza za soko zisisogee hadi ukingoni, kama zilivyosogea Birere na N'Dolo. Na ndege ya misaada ikitua, ni watu kungoja hadi injini izimwe kabisa kabla ya kuikimbilia, hata kama njaa ni kali, maana pangaboi linalozunguka halionekani vizuri na rubani haoni aliye chini ya bawa.

Rubani anayepita mara moja chini kwa chini juu ya kiwanja kabla ya kutua hachezi wala hatishi watu. Anauliza swali ambalo rada ya Waingereza ilishindwa kuuliza mwaka 1939: nani yuko pale? Watu wanaotoka njiani wakati huo wanakuwa wamemjibu.